Midomo ya Dod Gellatly

Mama yetu, Bella, alikuwa hasikii, na mtaani kwetu Lochee, mjini Dundee kule Uskoti, hilo halikuwa jambo la kumwonea mtu huruma. Wanawake wengi wa Dundee walikuwa hivyo. Waliingia viwanda vya magunia wakiwa wasichana wadogo, wakasimama mchana kutwa katikati ya mashine za kufuma, na walipofika umri wa kuolewa masikio yalikuwa yameshakufa. Hawakunyamaza kwa sababu hiyo. Walisema kwa midomo bila sauti, wakilifungua kila neno usoni, nyusi zikipanda na kushuka, kiganja kikikazia pale midomo ilipoishia. Mama aliweza kumsengenya msimamizi akiwa upande huu wa chumba, shoga yake Teenie Soutar akamjibu kutoka upande wa pili, na msimamizi mwenyewe kasimama katikati akidhani wanatafuna kitu.

Sisi watoto tuliinyonya lugha hiyo pamoja na maziwa. Mimi, Mina, ndiye mkubwa; Dod akanifuata. Kanisani walimbatiza George, lakini kwetu kila George ni Dod. Baba yetu, Wull Gellatly, alikuwa mchemsha birika. Ndivyo walivyoitwa wanaume waliokaa nyumbani kwa sababu viwanda vilitaka wanawake. Baba alipika, alifagia ngazi, alitusuka na kutufunga viatu, na mama aliporudi jioni alikuta chai mezani. Watu wa miji mingine waliwacheka wanaume wetu. Sisi hatukuwacheka, walikuwa wengi mno.

Dod alianza kuchekesha mezani. Jumapili, tukitoka kanisani, alikuwa akimrudia mchungaji bila sauti, ile midomo mizito na macho yaliyotazama darini, hadi mama aweke uma chini ashike mbavu. Mama alicheka kwa mwili wote, na kwa kuwa hakuijua sauti yake, alicheka kwa kishindo. Majirani zetu, akina McPhee, walikuwa wakigonga ukuta. Nadhani Dod alikolea tangu hapo. Kumfanya mama acheke mpaka ukuta ugongwe, hicho ndicho alichokitafuta kwa watu wengine maisha yake yote.

Alipomaliza shule aliingia kiwandani kama mimi. Lakini mvulana alipofikia umri wa kulipwa kama mwanaume, alionyeshwa mlango, na zamu ya Dod ilipofika naye akaonyeshwa. Alirudi nyumbani na kofia mkononi. Baba alikuwa akimenya viazi.

"Karibu kwenye birika, mwanangu," baba akasema.

"Baba, birika ni moja tu."

"Basi tafuta lako."

Akaenda kulitafuta kwenye kumbi za vilabu, kule wafanyakazi wanakokunywa bia na kumsikiliza mwimbaji, kisha mchekeshaji, kisha mwimbaji tena. Arbroath walimpenda kiasi. Kirkcaldy walimvumilia. Glasgow walimla nyama. Watu wa Glasgow huamini kwamba kuchekesha waliumbiwa wao, na lafudhi yetu ya Dundee wanaiona kama mtu anayeongea huku anameza pai. Siku moja, katika ukumbi mmoja karibu na bandari, alipofungua tu mdomo mtu akapaza sauti, "Mletee mkalimani." Mwingine akasema, "Mletee mama yake." Kelele zikapanda, glasi zikagongwa mezani, na Dod hakuweza kujisikia hata yeye mwenyewe.

Aliniambia baadaye kwamba hakuwaza lolote. Ule mshindo ulikuwa mshindo wa kiwandani, basi akafanya kama anavyofanya mtu wa kiwandani. Akaacha sauti. Akaendelea na hadithi yake kwa midomo, akamgeukia mtu asiyekuwepo upande wa pili, akamsikiliza kwa macho, akamshangaa, akamjibu. Meza za mbele zikanyamaza kutazama. Kisha za nyuma. Halafu wakaanza kucheka, na walipocheka hakuwarudishia sauti hata kidogo. Alimaliza hadithi yote hivyo, akainama, akatoka.

Katika ukumbi huo alikuwamo Crawford Naismith, mtayarishaji wa kipindi cha televisheni cha Jumamosi jioni. Alikuwa bwana mrefu, mpole, aliyevaa nywele za bandia na kudhani hakuna aliyejua. Akamchukua Dod. Wakamtungia mwanamke anayeitwa Leezie: kitambaa kichwani, aproni ya maua, viwiko juu ya dirisha la ghorofa, akipiga umbea na jirani ambaye watazamaji hawamwoni. Hakukuwa na maneno, bali muziki kidogo na uso wa Dod. Naismith aliamini kwamba ndugu yangu alikuwa akitikisa midomo tu, kama mtu anayejifanya anaimba kanisani.

Jumamosi ya kwanza nyumba yetu ilijaa. Teenie Soutar alikaa na mama kwenye kochi, wanawake wa ngazi yetu wakakaa sakafuni, baba akapitisha chai. Leezie akatokea dirishani, akajifuta mikono, akaegemea, akasema kwa midomo, wazi kama maandishi ya ukutani: "Mama, usicheke kwa sauti, utawaamsha akina McPhee. Huyu bwana aliyeniajiri amevaa nywele za kununua, na leo kazivaa nyuma mbele."

Teenie alimwaga chai. Mama alianguka begani kwake. Nchi nzima ilikuwa ikicheka uso wa Dod, na Dundee peke yake ilikuwa ikicheka maneno.

Basi mambo yakaenda hivyo msimu mzima. Wazee waliokuwa hawana haja na televisheni wakaitafuta. Kila Jumamosi, katika kila nyumba yenye bibi aliyewahi kufuma, vijana walibanana miguuni pake wakimvuta sketi. "Bibi, kasema nini?" "Nyamaza, nitakwambia akimaliza." Jumatatu kiwandani tulikuwa hatuna habari nyingine. Dod alimsema waziri fulani wa serikali, alimsema kocha wa mpira, alizisema suruali za mtangazaji wa hali ya hewa. Kule Glasgow hakuna aliyegundua kitu. Magazeti yao yalimsifu kwa "usanii wa ukimya," na wanawake wa Lochee wakabandika maneno hayo chooni kiwandani, wakayacheka kila walipoingia.

Kisha likaja suala la keki.

Teenie Soutar alikuwa na jina kubwa kwa keki yake, ile ya zabibu inayofungwa kwenye kitambaa na kuchemshwa nusu siku. Mwaka Mpya haukuwa Mwaka Mpya bila kipande cha keki ya Teenie. Kwenye mnada wa kanisa iliwekwa katikati ya meza, na mke wa mchungaji aliikata mwenyewe. Ukweli ni kwamba Teenie hakuweza kuchemsha yai. Aliyeipika ni Jeems, mumewe, mchemsha birika kama baba. Mama alikuwa akilijua hilo tangu ujana wao, na siku moja mezani alitusimulia sisi wanawe, kwa midomo, na kidole akakiweka juu ya midomo hiyo alipomaliza.

Jumamosi hiyo kipindi kilirushwa hewani moja kwa moja, kama siku zote. Mwimbaji aliyetakiwa kumfuata Dod alikuwa bado hajafika. Gari lilikuwa limemkwamia Stirling. Msimamizi wa studio akawa anamzungushia Dod kidole: endelea, endelea, vuta muda. Dod alikuwa ameshamaliza aliyoyaandaa. Leezie akahema, akapanga upya viwiko vyake, akatafuta cha kusema, akakamata kilichokuwa karibu. "Nikwambie kitu kuhusu keki ya Teenie Soutar?"

Akasema yote. Aliigiza Jeems akiifunga keki kitambaani kama anamvisha mtoto nepi. Aliigiza Teenie kanisani akipokea sifa, macho chini kwa unyenyekevu. Alikuwa mzuri sana dakika zile. Hilo lazima niliseme.

Teenie alikuwa kwenye kochi letu, palepale alipokaa kila wiki. Hakuna aliyecheka. Aliweka kikombe kwenye kisahani, kisahani mezani, akasimama. Mama akamshika mkono wa sweta. Teenie akauvuta mkono wake, akageuza uso, akatoka.

Kwetu sisi wenye masikio, mtu akikugeuzia uso bado unaweza kumwita. Kwa hao wawili, uso ukigeuka mlango umefungwa. Jumatatu Teenie alisimama kwenye mashine yake akiwa amempa mama mgongo, na siku zilizofuata vilevile. Tangu wakiwa wasichana walikuwa wakitazamana mchana kutwa, wakisimuliana waume, watoto, misiba, bei ya samaki. Sasa mama alifuma akitazama mgongo. Wengine walimsemesha kwa huruma, akawajibu kwa adabu, lakini shoga ni shoga. Akaanza kuacha chakula. Teenie naye hakustarehe. Mtaani walimwuliza, "Teenie, mpishi wako hajambo? Tunaweza kumkodi harusini?" Naye akapita bila kutazama kushoto wala kulia.

Dod alikuja nyumbani wiki iliyofuata, akipiga mluzi ngazini, na kuku wa kuchoma chini ya kwapa. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mama alimngoja amalize kuvua koti. Kwa kawaida hakupenda kutumia sauti yake hata mbele yetu, kwa kuwa hakujua inavyotoka. Siku ile aliitumia, nzito na isiyonyooka.

"Nimekupa ulimi wangu," akasema. "Ukaenda nao Glasgow ukaniharibia nyumba."

"Mama, nilikuwa natania tu."

"Utani una watani wake. Teenie si mtani wako. Ni mama yako mdogo, alikuogesha."

"Walikuwa wananizungushia kidole, mama. Sikuwa na kitu kingine kichwani."

"Ungenyamaza."

"Siwezi kunyamaza, natazamwa na nchi nzima."

"Basi ungemtaja mama yako," mama akasema, akaingia chumbani.

Dod alikaa akimtazama yule kuku. Baba akamwekea chai, akamwambia, "Kunywa, halafu uvae koti lako tena."

Tulikwenda wote wawili kwa akina Soutar. Jeems alifungua mlango akiwa na aproni na mikono ya unga. Teenie alikuwa kwenye kiti karibu na moto. Alipomwona Dod, alifumba macho.

Dod akapiga magoti mbele ya kiti. Alisogeza midomo, kisha akajiona mjinga, maana anasema na kope. Akanigeukia, akamgeukia Jeems.

"Nifanyeje, mzee?"

"Subiri," Jeems akasema. "Atafungua akitaka kuona kama umeondoka. Mimi niliwahi kusubiri Ijumaa mpaka Jumapili."

"Ulikuwa umefanya nini?"

"Sijaambiwa hadi leo." Akatazama upande wa mkewe, akashusha sauti ingawa hapakuwa na haja. "Usimwambie, lakini kule baa wamenipa mkono. Mwenye baa kaniuliza natia nini. Nikamwambia tangawizi, na uvumilivu."

"Ni keki nzuri, mzee wangu."

"Najua ni nzuri. Tangu tuoane nakaa kimya najua ni nzuri."

Teenie akafungua jicho moja. Dod akarukia hapohapo. "Nimekosa, mama mdogo."

Jicho likafumbwa. Tukangoja. Makaa yakalia motoni. Macho yakafunguka yote mawili.

"Umeniaibisha mbele ya nchi nzima," Teenie akasema kwa midomo.

"Nchi nzima haikuelewa neno."

"Dundee ilielewa. Nchi yangu mimi ni Dundee."

Dod akajikuna shingo. "Niombe radhi kwenye kipindi?"

"Ukiomba radhi utawakumbusha waliosahau."

"Niache kazi basi?"

"Uje ulale kwa mama yako umlie chakula? Hapana."

Namjua ndugu yangu. Nikaona wazo likimwingia usoni kabla hajalisema. "Dirisha la pili liko tupu," akasema polepole. "Yule jirani anayesemeshwa na Leezie hajawahi kuonekana. Njoo uwe yeye. Useme unachotaka, na mimi sitakujibu."

"Niseme nini?"

"Lolote."

"Lolote kuhusu wewe?"

"Lolote."

Teenie akaegemea kiti chake. Ndipo nilipoona tabasamu, lile la paka aliyekuta mlango wa jiko wazi.

Naismith alikataa. Mwanamke wa kiwandani, hasikii, hajawahi kuona kamera, kwenye kipindi cha moja kwa moja? Ndipo Dod akalazimika kumweleza ukweli kuhusu midomo ya Leezie, tangu wiki ya kwanza. Naismith alisikiliza akiwa amesimama. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kichwani, ukagusa nywele, ukashuka.

"Nyuma mbele?" akauliza.

"Mara ile moja tu, bwana Crawford."

"Na Dundee wote walijua?"

"Wanawake tu."

Naismith alikaa chini. Dod anasema alidhani kazi imekwisha. Lakini yule bwana alianza kucheka, kwanza puani, halafu kifuani, hadi akafuta machozi, akavua zile nywele akazitupa juu ya meza, na sijapata kusikia kwamba alizivaa tena. "Mlete mama yako mdogo," akasema.

Mimi nilikwenda na Teenie Glasgow, kwa kuwa alihitaji mtu wa kumgusa mgongoni ajue aanze lini. Nilijikunyata nyuma ya ukuta wa mbao, chini ya dirisha la uongo. Teenie alikuja na aproni yake mwenyewe. Alikataa ya studio, akasema imepigwa pasi na mtu asiyejua aproni. Nilimwuliza kama anaogopa. "Bella anatazama?" akaniuliza. Nikamwambia baba ameahidi kumkalisha mbele ya televisheni hata kwa kumfunga kamba. Akaitikia kwa kichwa.

Leezie akatokea kwanza, akaegemea kama kawaida, akajifanya anaita. Nikamgusa Teenie. Akafungua dirisha.

Hakuwa na haraka. Alipanga viwiko vyake, akamtazama Dod kutoka kitambaa hadi kidevu, akaanza. Aliiambia Dundee kwamba mwanaume huyu alikojoa kitandani mpaka alipojua kusoma. Kwamba alimkimbia bata bukini wa mama McPhee akapoteza kiatu, na bata akabaki nacho. Kwamba alimchumbia msichana mmoja wa Broughty Ferry, naye msichana akamjibu kwa kumwonyesha kituo cha basi. Kila kitu alikiigiza kwa uso wake mpana, bata, basi, shuka zilizolowa, na watazamaji wa studio, ambao hawakuambulia neno, walikuwa wakijipiga mapaja kwa vicheko. Dod alisimama dirishani mdomo wazi. Hakuwa akiigiza. Alikuwa amepatikana.

Halafu Teenie akaacha mchezo. Uso ukatulia. "Na keki," akasema, "ni kweli anapika Jeems wangu. Mimi nimesimama kwenye mashine tangu nikiwa mtoto. Nikirudi nyumbani nakaa. Mwanamke wa Dundee ambaye mumewe hajui kupika, huyo ndiye wa kuonewa huruma." Akavuta pumzi. "Bella, nimechoka kutazama ukuta. Kesho nakuja kwako."

Akafunga dirisha. Alipoteremka ngazi ya mbao alinishika bega kwa nguvu hata nikapata alama.

Yaliyotokea nyumbani tulihadithiwa na baba. Mama alitazama yote bila kucheka, mikono mapajani. Kwenye ile sentensi ya mwisho alisimama, akaenda jikoni, na baba akamsikia akihangaika na birika. "Sijawahi kumwona akiligusa tangu nimwoe," baba alisema. "Nikajua kwamba mambo yametengenea, na kwamba chai itakuwa mbaya."

Kesho yake Teenie alikuja kweli. Wakakaa dirishani, nyuso zikitazamana, mpaka giza likawazuia kuonana midomo.

Watazamaji walimtaka Teenie tena, na akarudi, si mara moja. Alimzidi Dod, na Dod alikuwa wa kwanza kulisema. Walifanya kazi pamoja mpaka miguu ya Teenie ikakataa safari ya treni. Baadaye Naismith alistaafu, wakaja mabwana wengine waliotaka mchekeshaji anayesimama mbele ya kipaza sauti na kusema haraka. Leezie akavuliwa kitambaa. Dod alijaribu kusema haraka, haikumfaa. Akawa anaonekana kwenye michezo ya Krismasi ya watoto, amevaa gauni, na kwenye tangazo la supu. Watu walimwita barabarani, "Leezie," naye alipunga mkono, lakini nilimwona akipunguza kutoka nje.

Viwanda navyo vikafungwa kimoja kimoja. Mama alifariki, kisha baba, na Teenie akawafuata majira ya baridi yaleyale, Jeems akiwa amekaa kando ya kitanda chake. Kwenye mazishi ya mama, Dod alitakiwa aseme maneno mawili. Alisimama, akatutazama, akasema kwa midomo peke yake. Vikongwe wa mistari ya mbele walitikisa vichwa na kufuta macho. Mchungaji alidhani ameshindwa kusema, akampigapiga mgongoni.

Alikuwa ameshapita sitini wakati mwongozaji wa tamthilia, msichana anayeitwa Eilidh Rennie, alipomtafuta. Alitaka aigize mkulima wa wilaya ya Angus aliyefiwa na mke, anayegoma kuuza shamba. Hakuna kichekesho ndani yake. Dod alinijia nyumbani akiwa ameikunja ile tamthilia kwenye mfuko wa koti.

"Wakiniona tu watacheka, Mina. Hata sijafungua mdomo."

"Basi wacheke."

"Mke wangu amekufa asubuhi hiyo. Wakicheka nitakuwa nimemkosea."

"Nani? Huyo mke wa kubuniwa?"

"Huyo huyo," akasema, na nikaona kwamba hatanii.

Mazoezi yalimtesa. Eilidh alimwomba autulize uso, na uso wa Dod haukuwahi kutulia tangu alipozaliwa. Mawazo yalipita juu yake kama upepo juu ya shayiri. Alirudi nyumbani anakandamiza mashavu kwa viganja. Mwishowe yule msichana akamwambia, "Usiuzuie tena, bwana Gellatly. Uache ufanye unavyotaka, ila wewe umfikirie mke wako peke yake, si sisi tunaokutazama." Dod alikuwa hajawahi kuoa. Alipata shida kidogo kumpata wa kumfikiria, na hakuniambia ni nani aliyempata.

Walifungua hapahapa Dundee, onyesho la mchana, kwa ajili ya wazee. Nilikaa katikati ya ukumbi. Pazia likapanda, Dod akaingia na ndoo. Na kama alivyosema, wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ni kicheko cha kumwona mtu wa nyumbani. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye Leezie yule."

Dod hakuharakisha. Aliweka ndoo chini. Akasimama akiitazama meza iliyoandaliwa kwa watu wawili. Kicheko kikaendelea kidogo, kikatafuta pa kushika, kikakosa. Yeye akachukua sahani moja, akaifuta kwa mkono wa koti ingawa ilikuwa safi, akairudisha kabatini. Ukumbi wote ukatulia. Kutoka hapo hadi pazia la mwisho hawakucheka tena ila pale mwandishi alipotaka wacheke, na wale wanawake wawili wa mbele yangu walikuwa wameshikana mikono kama wasichana.

Tulikwenda kula viazi vya kukaanga kando ya mto Tay, siki imejaa, upepo unatupora karatasi. Alikula sana. Hakuuliza mpaka zilipobaki punje za chumvi.

"Mwanzoni walicheka."

"Walicheka."

"Halafu?"

"Halafu wakaacha. Umewaona mwenyewe."

"Sikuwaona," Dod akasema. "Nilikuwa na kazi."

Tamthilia ile ilizunguka nchi, kisha ikarekodiwa kwa televisheni, na baada ya hapo hakukosa kazi. Aliigiza mahakimu, mababu, askofu mmoja mlevi. Alinunua nyumba ndogo Broughty Ferry yenye dirisha la baharini. Watoto wa siku hizi wanamjua kama mzee wa huzuni wa kwenye tamthilia, na wakionyeshwa picha za zamani za mtu aliyejifunga kitambaa, hawaamini. Wiki iliyopita alinipigia simu kulalamika. Wanamtaka Inverness akaigize mwanasheria, na joho walilompa linawasha shingoni. Nikamwambia amwombe mshonaji aweke bitana ya hariri. Akasema ameshamwomba, na mshonaji ni mtu wa Glasgow, anajifanya haelewi anachosema.